Kiti cha Jaji Si Mali ya Ikulu

Wananchi wenzetu wa Kitale, Bungoma na vijiji vyote vilivyo kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia,

Mtawala anayetaka kutawala bila kuulizwa hutafuta kwanza viti viwili: kile cha mkaguzi wa hesabu na kile cha jaji. Akishavikalia viti hivyo kwa siri, mengine yote humwia rahisi. Bunge litasema, magazeti yataandika, vyama vitasajiliwa hata mia moja, lakini mwenye kudhulumiwa hatakuwa na mlango wa kubisha.

Tumeamua kuandika juu ya kiti cha jaji kwa sababu mazungumzo ya kubadilisha muundo wa serikali hayakosi kurudi katika nchi yetu. Mwaka 2020 yalikuja kwa jina la BBI, yakitaka Waziri Mkuu na manaibu wake. Mwaka 2023 yalirudi kwa jina la Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa, ambayo nayo ilipendekeza ofisi ya Waziri Mkuu na ofisi ya Kiongozi wa Upinzani. Kila mara wananchi huelezwa kwa kirefu habari za vyeo vipya, nani atakipata kipi na kabila gani litaketi karibu na meza. Ni mara chache mno kuelezwa yatakayompata jaji. Ilhali historia yetu inashuhudia kwamba kila muundo wa serikali ulipoguswa kwa nia mbaya, kiti cha jaji hakikuachwa salama.

Hoja yetu ni hii. Vyama vingi bila mahakama huru ni uchaguzi bila hesabu. Uhuru wa mahakama nao hautegemei wema wa jaji peke yake. Hutegemea nani anayemteua, nani awezaye kumfukuza, nani anayeshika mfuko wake na nani anayemlinda usiku. Mambo hayo manne yakiwa mkononi mwa mtu mmoja, hata jaji aliye malaika atajifunza kunyamaza.

Jinsi kiti kilivyokatwa miguu

Katiba tuliyopata mwaka 1963 ilimpa jaji kinga ya kazi. Hakuweza kuondolewa ila kwa utovu wa nidhamu au kutojiweza, tena baada ya jopo la uchunguzi kumsikiliza. Kisha yakaanza marekebisho. Mwaka 1966 Baraza la Seneti lilivunjwa na kuunganishwa na Bunge. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu walinyang'anywa kinga yao ya kazi. Mwaka 1988 Bunge lililotokana na uchaguzi wa mlolongo liliwanyang'anya kinga hiyo majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufaa. Sheria hiyo hiyo iliwaruhusu polisi kumzuilia mshukiwa wa kosa la kifo kwa siku 14 kabla ya kumfikisha kortini, badala ya saa 24.

Yatazameni mambo hayo mawili yakiwa pamoja katika sheria moja. Aliyekamatwa aliongezewa siku za kukaa gizani, na yule ambaye angemuuliza polisi sababu ya kumkamata akageuzwa kuwa kibarua wa Ikulu. Haikuwa bahati mbaya. Mambo hayo hutembea pamoja kama jozi ya fahali katika nira.

Hata kabla ya sheria hiyo, dalili zilionekana hapa jirani. Mwaka 1987 Stephen Mbaraka Karanja alipigwa risasi na kufa akiwa mikononi mwa polisi, akazikwa Eldoret bila familia yake kujulishwa. Jaji Derek Schofield aliamuru mwili ufukuliwe na kuletwa. Makaburi yalichimbuliwa, miili ya watu wengine ikatolewa, lakini ya Karanja haikupatikana. Jaji aliposisitiza kupata maelezo, kesi iliondolewa mikononi mwake na yeye mwenyewe akaamriwa kuhamia kituo kingine. Akajiuzulu. Mjane hakupata mwili, nchi ikapoteza jaji, na kila hakimu aliyebaki akapata somo lake bila kufundishwa.

Mwaka 1989 mambo yalifika kilele. Jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba Mahakama Kuu haikuwa na uwezo wa kutekeleza haki za kimsingi zilizoandikwa katika Katiba, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kuziendeshea kesi za namna hiyo. Maana yake ni kwamba mwananchi alikuwa na haki ya kutoteswa, haki ya kusema na haki ya kuishi, lakini hakuwa na mahali pa kuzidai. Alijengewa nyumba, kisha fundi akaambiwa asiweke mlango.

Kinga ya kazi ya majaji ilirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Wazee wetu walikuwa mstari wa mbele katika vita hivyo. Masinde Muliro, mwana wa Bungoma aliyefanya makao yake Trans Nzoia, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD. Alifariki Agosti 1992 alipotua uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London, miezi michache tu kabla ya uchaguzi aliokuwa ameupigania. Hata hivyo, kilichorudishwa mwaka 1990 kilikuwa mguu mmoja wa kiti. Tume ya Huduma za Mahakama ilibaki na wanachama watano, na wote waliipata nafasi yao kwa uteuzi wa Rais, moja kwa moja au kwa kupitia cheo alichowapa. Aliyeshika kalamu ya uteuzi hakubadilika.

Vyama vingi, mahakama moja

Tuliona matokeo yake mara moja. Baada ya uchaguzi wa 1992 Kenneth Matiba alipeleka kesi ya kupinga ushindi wa Rais Moi. Matiba alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, na mkono wake haukuweza kuandika vyema, kwa hiyo mkewe alitia sahihi kwa niaba yake chini ya mamlaka ya kisheria aliyompa. Kesi ilitupwa kwa sababu Matiba hakutia sahihi mwenyewe. Serikali ilimzuilia mpaka mkono ukapooza, kisha mahakama ikamwadhibu kwa kuwa na mkono uliopooza.

Baada ya uchaguzi wa 1997 Mwai Kibaki naye alikwenda kortini. Kesi yake ilitupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa karatasi za kesi ana kwa ana. Ndugu msomaji, jaribu kumfikiria karani wa mahakama akipenya katikati ya walinzi wa Rais na bunduki zao ili amtie karatasi mkononi. Sheria ilisomwa kwa namna ambayo iliwezekana kumshtaki kila mtu nchini isipokuwa mmoja. Katika kesi hizo mbili hakuna kura hata moja iliyohesabiwa upya. Mambo yaliishia kwenye sahihi na kwenye bahasha. Wahenga walisema kesi ya ngedere hakimu nyani.

Kwa watu wa Kitale na Bungoma gharama ilikuwa kubwa kuliko kura. Kati ya 1991 na 1993 moto uliwaka Endebess, Saboti, Kwanza na kandokando ya Mlima Elgon. Maelfu walifurushwa mashambani mwao, wakalala makanisani na kando ya barabara. Kamati ya Bunge ya Kiliku ilichunguza mwaka 1992 na kuwataja watu. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza tena, ikamaliza kazi mwaka 1999, na ripoti yake ikafichwa hadi 2002. Hatujui kigogo hata mmoja aliyefungwa kwa kuchochea mapigano hayo. Mahakama iliyoogopa kumfukulia mjane maiti moja Eldoret ingewezaje kuwaita watu wazito waeleze habari za vijiji vizima vilivyoteketezwa?

Na ardhi je? Trans Nzoia ni kaunti ya mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, pamoja na mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, ilivyogawiwa wenye vyeo na marafiki zao kama zawadi za siasa. Mkulima anayedai ekari zake tano mbele ya mtu mwenye hatimiliki iliyotoka kwa mkubwa hana silaha nyingine ila jaji asiyeogopa simu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Dina Management kutoka Mombasa, kwamba hatimiliki iliyotokana na ugawaji haramu wa ardhi ya umma hailindwi na sheria, hata kama aliyeishika leo aliinunua kwa pesa zake. Uamuzi huo ulitoka pwani, lakini uzito wake unafika hadi Endebess. Jaji wa mwaka 1989 asingethubutu kuuandika.

Kilichojengwa mwaka 2010

Katiba iliyopitishwa na wananchi tarehe 4 Agosti 2010, na kutangazwa rasmi tarehe 27 mwezi huo huo, ilijaribu kukitengeneza kiti upya kwa miguu yote minne. Tume ya Huduma za Mahakama sasa ina wanachama 11. Baadhi yao huchaguliwa na majaji na mahakimu wenyewe, na wawili huchaguliwa na mawakili. Rais huwateua majaji kwa mapendekezo ya Tume. Hana ruhusa ya kuchuja majina. Jaji haondolewi ila kwa malalamiko kupitia Tume, kisha jopo la uchunguzi. Mshahara wake haupunguzwi. Kuna Hazina ya Mahakama. Idadi ya majaji wa Mahakama ya Juu, saba, imeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Na kifungu cha 255 kimetia kufuli: hakuna awezaye kubadilisha uhuru wa mahakama bila kura ya maoni.

Matunda yalionekana hapa nyumbani. Septemba 2013 Jaji Francis Gikonyo, akiketi katika Mahakama Kuu ya Bungoma, alibatilisha uchaguzi wa Seneta Moses Wetang'ula katika kesi iliyopelekwa na Musikari Kombo. Wetang'ula hakuwa mtu mdogo katika kaunti hii. Hakuna kituo cha kazi kilichobadilishwa kwa hasira, hakuna jaji aliyejiuzulu usiku. Wananchi walirudi debeni Desemba mwaka huo, wakamchagua Wetang'ula tena. Wako waliocheka wakisema mahakama ilipoteza wakati wetu. Sisi tunasema mahakama ilifanya kazi yake na wananchi wakafanya yao. Jaji aliamua kama uchaguzi ulifuata sheria, na mpiga kura akaamua nani aende Seneti. Kila mmoja alikaa kwenye kiti chake. Hiyo ndiyo maana ya muundo wa serikali.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa Rais, jambo ambalo halikuwa limetokea Afrika. Safari hii hakuna aliyeuliza mkono gani ulitia sahihi. Waliuliza fomu ziko wapi na matokeo yalisafirishwaje. Mashahidi ni walewale Wakenya na sheria ni ileile ya ushahidi. Kilichobadilika ni kiti alichokalia jaji.

Tujifunze kwa Wamarekani, mema na mabaya

Muundo wetu wa 2010 umeazima mengi kutoka Marekani: Rais asiyeketi Bungeni, mawaziri wasio wabunge, Seneti, na mahakama yenye uwezo wa kubatilisha sheria. Yafaa basi kuuliza wao wamelindaje kiti hicho kwa zaidi ya miaka 200.

Katiba yao ya 1787 humpa jaji wa serikali kuu kazi ya maisha madamu ana mwenendo mwema, na hukataza mshahara wake kupunguzwa. Mwaka 1803, katika kesi ya Marbury, mahakama yao ilijitangazia uwezo wa kuifuta sheria inayokiuka Katiba. Lakini waliacha tundu moja: idadi ya majaji wa mahakama yao ya juu haimo katika Katiba. Imepanda na kushuka kwa sheria za kawaida, na imekuwa tisa tangu 1869. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt, akiwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo, alitaka kupenya kwenye tundu hilo na kuongeza majaji hadi sita wa kumuunga mkono, kwa kuwa mahakama ilikuwa imezifuta sheria zake. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa Seneti. Ni Seneti hiyo hiyo iliyoukataa mswada wake. Maseneta waliompenda Rais wao walikataa kumvunjia jaji kiti kwa ajili yake. Wabunge wetu wa Magharibi na wa Bonde la Ufa walisome jambo hilo mara mbili.

Wala tusidanganyike kwamba Marekani ni pepo. Mwaka 1957 Rais Eisenhower alilazimika kutuma wanajeshi Little Rock ili wanafunzi tisa weusi waingie shuleni kama mahakama ilivyoamua. Machi 2025, baada ya Rais Trump kutaka jaji mmoja aliyesimamisha hatua yake ang'olewe, Jaji Mkuu John Roberts alitoa taarifa kukumbusha kwamba kutokubaliana na uamuzi si sababu ya kumwondoa jaji. Njia ni rufaa. Ikiwa katika nchi yenye desturi ya zaidi ya karne mbili mambo yamefika hapo, sisi wenye katiba ya 2010 tunalalaje usingizi?

Mbinu mpya

Kufuli ya kifungu cha 255 imewafanya wenye tamaa waache mlango na kupitia dirishani. Hawahitaji tena kubadilisha Katiba mchana kweupe kama mwaka 1988. Wamegundua njia nne.

Ya kwanza ni kukataa kuteua. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina 41 ya majaji. Rais Uhuru Kenyatta aliyakalia karibu miaka miwili licha ya amri za mahakama, na Juni 2021 akateua 34 na kuwaacha sita. Wawili kati ya hao sita, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa katika jopo la majaji watano lililoizima BBI mwezi mmoja tu kabla. BBI yenyewe ilikuwa imependekeza afisa wa kupokea malalamiko dhidi ya majaji, mteuliwa wa Rais. Sita hao waliteuliwa Septemba 2022 na Rais William Ruto. Tulimpongeza kwa hilo. Lakini kazi ya jaji kuwa zawadi ya Rais mpya ni ugonjwa uleule; dawa si kubadilisha mgonjwa.

Ya pili ni kukausha mfuko. Novemba 2019 Jaji Mkuu Maraga alisimama mbele ya nchi akaeleza kwamba bajeti imekatwa kiasi cha kutishia mahakama zinazotembea vijijini na vikao vya Mahakama ya Rufaa nje ya Nairobi. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni habari ya gazeti. Kwa mama wa Cheptais au Endebess ni nauli, ni siku ya palizi iliyopotea, ni kesi ya mirathi inayoahirishwa mpaka mashahidi wamezikwa.

Ya tatu ni kumtisha jaji na kumvua ulinzi. Baada ya uamuzi wa 2017, Rais wa wakati huo aliwaita majaji wakora hadharani. Oktoba mwaka huo dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi, na kesho yake Mahakama ya Juu ikakosa idadi ya kutosha ya majaji kusikiliza kesi ya kusimamisha uchaguzi wa marudio. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu Kaimu Inspekta Mkuu wa Polisi kifungo cha miezi sita kwa kukaidi wito wa mahakama katika kesi ya watu waliotekwa Kitengela. Siku chache baadaye jaji huyo akaondolewa walinzi wake. Ujumbe gani mwingine ulihitajika?

Ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi: kumtisha mwenye kesi ili jaji asipate cha kuamua. Mwishoni mwa Agosti 2023 Rais Ruto, akiwa Bungoma, alizungumzia kesi za kiwanda cha sukari cha Mumias. Aliwapa waliokuwa kortini mambo matatu wachague: wahame nchi, waende jela, au wasafiri kwenda mbinguni. Uwanja ulishangilia. Muda mfupi baadaye kesi ziliondolewa.

Tunaelewa kwa nini watu walishangilia. Mkulima wa miwa ameteswa miaka mingi. Kiwanda kimefungwa, deni halijalipwa, na kesi za matajiri huzunguka kortini kama ng'ombe wa kinu. Lakini tujiulize kwa utulivu. Aliyeambiwa hivyo alikuwa tajiri mwenye mawakili wengi. Ikiwa tajiri anaweza kufukuzwa kortini kwa maneno ya jukwaani, mkulima wa Nzoia mwenye kesi ya malipo yake atasimama wapi? Na mtazame kilichofuata. Mei 2025 kiwanda cha Nzoia, mali ya watu wa Bungoma kwa jasho lao, kilikodishwa kwa miaka 30 kwa kampuni ya West Kenya, ya familia ileile ya Rai iliyokuwa katika kesi za Mumias. Aliyeonywa kwa habari ya mbinguni hakuhama nchi, alipokea kiwanda. Hatusemi hapa kama ukodishaji ule ulikuwa halali au haramu. Hilo ni la mahakama. Tunasema kwamba mahakama ikiondolewa kati, mkubwa na tajiri watapatana siku moja, na aliyeshangilia uwanjani hatakuwa mezani.

Jibu kwa wanaosema majaji ni wala rushwa

Januari 2024 Rais Ruto alidai, bila kutaja majina, kwamba majaji wamehongwa ili kuizuia miradi ya serikali, na akaashiria kwamba hatatii amri zao. Tarehe 12 mwezi huo mawakili waliandamana. Tuliandamana huku tukijua kwamba rushwa mahakamani ipo. Wakili anayekana jambo hilo hajapita kwenye korido za mahakama zetu. Mwananchi aliyeona faili yake ikipotea na kupatikana baada ya kumwona karani hahitaji ripoti ya tume.

Lakini Katiba imeweka njia. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012 mlinzi wa kike wa duka la Nairobi alilalamika kwamba Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza alimdhulumu na kumtisha kwa bastola. Malalamiko yalisikilizwa na Tume, jopo likachunguza na kupendekeza aondolewe, na Oktoba 2012 akajiuzulu. Mlinzi wa mlangoni alisikilizwa dhidi ya jaji wa pili kwa ukubwa nchini, na Ikulu haikuhitaji kunguruma. Linganisheni na mwaka 2003, serikali ilipoendesha kile kilichoitwa upasuaji wa mahakama. Majaji 23 na mahakimu 82 walitajwa, majina yakachapishwa magazetini, na wengi wakaondoka kabla ya kusikilizwa. Wako waliostahili kwenda. Lakini nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa kwa kalamu ileile ya Rais, na miaka minne baadaye, uchaguzi wa 2007 ulipoharibika, walioona wameibiwa walikataa kwenda kortini kwa kuwa hawakuiamini. Nchi ililipa kwa damu, na Trans Nzoia na Mlima Elgon zinajua hesabu yake.

Mwenye ushahidi kwamba jaji amekula rushwa aupeleke kwa Tume. Asiye nao anyamaze. Kiongozi anayemwita jaji mwizi jukwaani, kisha asiandike hata barua moja ya malalamiko, hapigani na rushwa. Anamwandaa mwananchi apokee siku ambayo amri ya korti haitatiiwa.

Tunayoyadai

Kwanza, Bunge lipitishe sheria ya muda maalumu: Rais asipowateua majaji waliopendekezwa katika siku 14, Jaji Mkuu awaapishe.

Pili, Hazina ya Mahakama ijazwe kikamilifu na kwa wakati, na Bunge lisilitumie fungu la mahakama kama fimbo baada ya kila uamuzi usiopendeza.

Tatu, walinzi wa majaji wawe chini ya amri ya Mahakama. Jaji asilindwe na mtu anayepokea amri kutoka kwa mshtakiwa.

Nne, afisa wa serikali anayekaidi amri ya korti alipe yeye mwenyewe kwa mshahara wake. Kodi ya mwananchi isitumike kulipia ukaidi wa mkubwa.

Tano, mswada wowote wa kubadilisha muundo wa serikali uchapishwe kwa Kiswahili na usomwe barazani Kitale, Kimilili, Webuye na Kapsokwony kabla ya kupigiwa kura, na ueleze kwa herufi kubwa unachomfanyia jaji.

Kwenu majaji na mahakimu, nasi tuna neno. Hatuwapiganii ili mstarehe. Andikeni hukumu kwa wakati. Wafichueni wenzenu wanaouza haki. Kila faili inayooza kabatini ni kuni mnazompelekea adui yenu.

Na kwenu wananchi. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027 watakuja wengi kuomba kura Kitale na Bungoma, na wataahidi lami, stima na bei ya mahindi. Waulizeni swali moja zaidi: siku mahakama itakapoamua dhidi ya chama chako, utatii? Mjibu wa swali hilo atazamwe usoni. Akizungukazunguka, mjue anataka kuwa mwenye shamba, shahidi na hakimu kwa pamoja. Jibuni kwa kura.

Kiti cha jaji si cha Rais wala si cha jaji. Ni chetu sisi tutakaosimama mbele yake siku tutakapokuwa hatuna mwingine. Tukilinde.